Taya Hugangwa, Halifungwi

Mtu akivunjika taya, mara nyingi hutoka chumba cha upasuaji meno yake ya juu na ya chini yakiwa yameshikanishwa kwa waya, na ndugu wanaomsubiri nje huambiwa kwamba "amefungwa taya". Kosa linaanzia hapo. Kwa kila aliyewahi kuuguza, taya lililofunga ni dalili ya pepopunda: misuli imekaza, kinywa hakifunguki, mgonjwa yuko hatarini. Kuipa tiba jina la dalili ya ugonjwa unaoua ni uzembe. Umeachwa upite kwa sababu wanaoketi kuunda istilahi hulifasiri neno la Kiingereza, hugonga muhuri, kisha huinuka bila kuuliza litasikikaje wodini.

Neno "kufunga" limeshabeba mengi. Watu hufunga saumu, hufunga kinywa, hufunga mlango, hufunga goli. Mgonjwa akiambiwa atafungwa taya kwa wiki sita, wazo la kwanza ni kwamba hatakula wala kusema. Hakuna anayesikia ndani ya neno hilo kwamba kuna mfupa unaotakiwa kuunga.

Upande wa pili wamo wapenzi wa maneno marefu, ambao wangetaka iitwe "uthabitishaji wa maksila na mandibula". Kiswahili kina taya la juu na taya la chini. Maksila na mandibula hazikuhitajika. Kuhusu kuthabitisha, mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuwa imara, sawa, lakini sikio la leo husikia kuthibitisha, yaani kutoa ushahidi. Istilahi inayomlazimu muuguzi kueleza kwanza kwamba hakukusudia ushahidi haifai kupewa nafasi kwenye kamusi yoyote.

Neno lipo, tena la zamani: kuganga. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaliweka kwa maana ya kufungia pamoja na kuunga kilichovunjika, sambamba na maana ya kuponya. Inalo pia jina gango, kitu chochote kinachoshika pamoja sehemu mbili: banzi la mguu uliovunjika, kiraka, kipande cha chuma kinachobana mbao mbili. Wataalamu wa lugha za Kibantu nao wamejenga upya mzizi wa kale, gang, wenye maana hiyo hiyo ya kufungia pamoja, na karibu yake yumo mtu wa tiba, ambaye Wakongo humwita nganga na Washona n'anga. Wazee waliosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, walijua wanatumia kitenzi cha tiba. Atakayedai kwamba kuganga nako ni kufunga tu amekosa jambo moja kubwa: kufunga hakusemi kwa nini, lakini kuganga hubeba nia yake ndani, kwamba kilichoshikwa kiunge kipone.

Wapinzani wa neno hili hurudia hoja moja tu, kwamba linanuka uganga wa kienyeji. Hoja hiyo inashangaza ikitolewa Tanzania, nchi yenye Mganga Mkuu wa Serikali na waganga wakuu wa mikoa na wilaya, wote madaktari waliosomea kazi yao. Serikali haikuona aibu kwa neno hilo. Aibu imetoka wapi kwa wanaistilahi?

Historia ya tiba yenyewe inalitetea gango kuliko waya. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanaagiza meno ya pande mbili za ufa yafungwe kwa uzi wa dhahabu, au wa kitani. Karne ya 13, Guglielmo da Saliceto wa Italia alieleza namna ya kuyafunga meno ya taya lililovunjika kwenye meno ya taya zima, na mwaka 1887 Thomas Gilmer wa Marekani aliirudisha njia hiyo kwa waya. Lakini katika miaka ya 1860 Thomas Gunning wa New York alitumia gango la mpira mgumu, na mwaka 1865 alimtibu kwa namna hiyo William Seward, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliyeumia katika ajali ya gari la farasi. Leo kuna pau za chuma, skrubu na mipira ya kuvuta. Vyote hivyo ni magango. Waya ni aina mojawapo tu.

Kazi yenyewe ikitazamwa kwa karibu inathibitisha jina. Waya laini wa chuma cha pua, unene wake karibu nusu milimita, hupitishwa katikati ya magego, huzungushwa shingo ya jino, husokotwa kwa koleo, na ncha yake hukatwa na kukunjwa kuelekea ufizi isichome shavu. Kabla ya kukaza waya wa kuunganisha juu na chini, daktari huhakikisha meno yanakutana kama yalivyokuwa yakikutana kabla ya ajali. Huo ndio msingi wa tiba: meno yakikaa mahali pake, vipande vya mfupa navyo hukaa. Sahani ndogo za chuma zilizoenezwa na Maxime Champy wa Strasbourg tangu miaka ya 1970 zimepunguza haja ya waya, ila zina bei, na majeruhi wengi wa bodaboda bado hutibiwa kwa waya.

Faida nyingine ya neno hili ni kinyume chake: kugangua. Waganguzi wa uchawi wamelishika muda mrefu, nalo linaweza kurudi hospitali bila tabu, kwani mwisho wake ni ule ule wa kufungua na kuzibua. Koleo la kukatia waya liwe kitandani pa mgonjwa, na akitapika au akikosa pumzi, agizo liwe fupi: mgangue.

Wahariri wa kamusi za tiba waandike basi kuganga taya, gango la taya na kugangua taya. Na karatasi ya maelezo anayopewa mgonjwa isomeke hivi: utagangwa taya kwa wiki nne hadi sita, utakunywa uji mwepesi, maziwa na supu iliyochujwa kwa mrija, utasukutua kinywa kila baada ya chakula, na koleo lisikae mbali nawe usiku wala mchana.