Friza imeota ukungu? Siki, beking soda na jua vinatosha, jiki weka pembeni

Leo tuache kidogo siasa na mpira, tuongelee friza. Najua wengi mnaopita hapa ni vijana mnaohangaika na mitaji midogo, na kwa wengi mtaji wenyewe ndio hiyo friza: barafu za ukwaju na ubuyu, maji ya kandoro, juisi, samaki. Halafu asubuhi moja unafungua unakuta madoadoa meusi na harufu kama ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Hapo watu wengi mbio mbio dukani kununua jiki. Taratibu kwanza.

Friza inayofanya kazi sawasawa inakaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo ukungu hauoti. Lakini haufi, umelala tu. Umeme ukikatika, au ukiizima mwenyewe kubana luku, barafu inayeyuka, maji yanabaki ndani, mlango umefungwa, na joto la Dar linamaliza kazi. Ule mgawo wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 uliharibu friza nyingi kwa staili hii hii. Na zile za mtumba zinazokuja na kontena zimefungwa wiki kadhaa baharini, usishangae zikinuka.

Mwezi uliopita nilienda Mbagala kumsaidia dada mmoja aliyenunua ya mtumba kwa mkopo wa kikoba. Muuzaji kamwambia "hilo vumbi tu, litatoka". Wiki ya kwanza watoto wakaanza kurudisha barafu, eti zinanuka. Rejesho la kikoba halijui habari za harufu, si mnajua! Tulichofanya ndicho hiki.

Chomoa waya kabisa kwenye soketi, usizime swichi tu. Toa kila kitu, acha barafu iyeyuke yenyewe. Usichokonoe kwa kisu hata kama una haraka, kwa sababu mabomba ya gesi yamepita nyuma ya ukuta, na friza nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a ambayo inashika moto. Ukitoboa, umepoteza friza, na unaweza ukapoteza na jiko.

Vaa glovu, funga kitambaa puani, fungua madirisha. Mwenye pumu asiisogelee hii kazi. Na usisugue ukungu ukiwa mkavu, unaurusha hewani unauvuta mwenyewe. Lowanisha kwanza, osha na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kwa kweli hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika: ukungu unaondoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa, hizo dawa nyingine ni wasaidizi tu.

Kisha chukua siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, usiichanganye na maji. Lowesha kitambaa, bandika kwenye madoa, acha kama saa moja, sugua, suuza. Siki haiui kila aina ya ukungu, lakini kwa madoa ya kawaida inafaa sana. Baada ya hapo koroga vijiko viwili vya chakula vya beking soda kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, futa ndani kote, hii inakata harufu. Angalia pakiti vizuri: siyo beking pauda, siyo magadi, na siyo kostiki ya kutengenezea sabuni, ile inachoma ngozi!

Kuna watu wanamwaga siki na beking soda kwa pamoja, inatoa povu, wanafurahi. Povu lile ni vitu viwili vinauana nguvu, mwisho unabaki na maji yenye chumvi chumvi. Tumia kimoja, suuza, ndio uje na kingine.

Sehemu mbili watu wanazisahau. Ya kwanza ni mpira wa mlango: ufungue kila mkunjo, pitisha mswaki wa zamani. Doa likigoma kabisa, badilisha mpira. Ya pili ni lile tundu la kutolea maji kule chini. Friza ya yule dada ilikuwa safi macho yote yanapofika, kumbe harufu yote ilikuwa kwenye tundu.

Jiki je? Chooni inafanya kazi yake, sina ugomvi nayo. Lakini kwenye friza ya biashara harufu yake inaweza kubaki na kuingia kwenye barafu, na ukiichanganya na siki inatoa gesi ya klorini, ambayo inaumiza mapafu vibaya. Ndani ya kijiko kidogo kisicho na dirisha, hiyo siyo mchezo.

Ukimaliza, kausha kwa kitambaa, acha mlango wazi siku nzima, juani kama unaweza kuitoa. Na hapa naomba mnisikilize: zile friza za kulala zimeshaua watoto waliojificha ndani wakafunikwa wakakosa hewa. Toa mfuniko au kaa nayo karibu. Ukiirudisha ndani, iache isimame wima masaa kadhaa ndio uwashe, mafuta ya kompresa yatulie.

Chakula chenye ukungu tupa. Kuchemsha hakuondoi sumu ya ukungu. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na watu waliyala yakiwa yamepikwa.

Harufu ikirudi tena baada ya kazi yote hii, maji yameshaingia kwenye sponji ndani ya kuta, na hapo hakuna siki itakayofika. Kwa hiyo anayekwenda kununua ya mtumba, kabla hujatoa hela ingiza kichwa unuse, halafu funga mlango na kipande cha karatasi katikati ya mpira. Karatasi ikivutika kirahisi, mpira umelegea. Punguziwe bei au ondoka.