Nyumba ya Mayembe Juu ya Kisenyi

Kisenyi ni bonde la Kampala lililobanwa na vilima. Upande mmoja ni Old Kampala, upande wa pili Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na mvua ikinyesha maji ya vilima vyote viwili hushukia hapo yakiutafuta Mfereji wa Nakivubo. Watu hulijua bonde hili kwa mashine za kusaga mahindi, vyuma chakavu, hoteli za Wasomali na mabasi ya kwenda mikoani. Hata hivyo, historia ya vitu vitakatifu vya Uganda haisimuliki bila kupita hapa. Mwaka 1908, kilimani juu yake, karibu na ngome aliyoianzisha Kapteni Lugard Desemba 1890, serikali ya Waingereza ilifungua makumbusho ambayo leo ndiyo makongwe kuliko yote Afrika Mashariki.

Waganda waliyapa makumbusho hayo jina lao wenyewe: Ennyumba y'Amayembe, nyumba ya mapembe. Walikuwa na sababu. Jjembe, umoja wa mayembe, ni pembe ya mnyama ambayo mganga ameijaza udongo, mitishamba na vitu vingine anavyovijua yeye, akaiziba mdomo, na mara nyingi akaipamba kwa kauri na shanga. Ikishatengenezwa hivyo huwa na jina, hupewa damu ya mbuzi au kuku, na huwa na mtu wa kuisemea. Watu huiomba uzazi, ulinzi, mafanikio ya biashara, na wengine huituma kwa adui. Kuona pembe za namna hiyo zimekusanywa chumba kimoja, bila walinzi wala sadaka, lilikuwa jambo zito kwa mtu aliyejua kazi ya pembe hizo. Jina la nyumba lilibeba heshima na hofu kwa pamoja.

Dunia inapozungumzia sanaa ya ibada ya Kiafrika, macho huelekea Afrika Magharibi: vinyago vya Wadan na Wasenufo, sanamu za Wayoruba, shaba za Benin zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa Makerere na kuyasimamia makumbusho yetu katika miaka ya 1940, alipotoa mwaka 1954 kitabu chake juu ya uchongaji wa jadi wa Kiafrika, uzito wake ulikuwa huko huko, Magharibi na Kongo. Huku kwetu walitajwa Wamakonde kwa vinyago vyao vya mapiko na Wamijikenda kwa vigango vya makaburini. Maeneo ya Maziwa Makuu yakaonekana kama nchi isiyochonga, na wengi wakatafsiri kutochonga kuwa ni umaskini wa fikra. Mimi naona kipimo hicho ndicho kibovu.

Tazama nkisi ya Wakongo, ile sanamu ya mti iliyopigiliwa misumari mwili mzima. Watalii hustaajabia uchongaji wake, lakini wenyewe walijali zaidi dawa iliyofichwa tumboni au kichwani mwake. Dawa ikitolewa, kinachobaki ni gogo lenye sura ya mtu. Jjembe linafuata fikra hiyo hiyo. Tofauti ni chombo tu: Mkongo alichonga mwili, Mganda alitumia pembe aliyopewa na mnyama.

Mfano wa mapacha unaonyesha zaidi. Wayoruba, pacha mmoja akifariki, huchonga ibeji, sanamu ndogo inayooshwa na kuvikwa kama mtoto aliye hai. Katika Buganda kila mtu alizaliwa na pacha wake, yaani kitovu chake. Kipande kilichokauka kilihifadhiwa kwa makini, na kile cha Kabaka kilifungwa katika lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, kikapambwa kwa shanga. Kilikuwa na chifu wake maalumu wa kukilinda, Kimbugwe, mmoja wa wakubwa wa ufalme. Mfalme akifa, mfupa wake wa taya ulitolewa na kuwekwa pamoja na pacha huyo katika nyumba yao, na watu walikwenda hapo kumsikiliza kupitia kwa mtabiri. Desturi ya taya ilikoma kwa Muteesa wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1884 na kuzikwa Kasubi akiwa mzima. Watu wenye mifupa halisi ya wafalme wao hawakuwa na haja ya kuchonga sura zao.

Tena si kweli kwamba nchi hii haikuwahi kutengeneza sanamu ya mtu. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira, kusini mashariki ya Kampala, walifukua vipande vya udongo uliochomwa. Miongoni mwake kilikuwemo kichwa cha mtu chenye macho yaliyotokeza na nywele zilizofinyangwa kwa vijiuvimbe, pamoja na vipande vya mwili. Mwaka mmoja kabla yake, huko Nijeria, wachimba bati walikuwa wamefukua kichwa cha kwanza cha Nok. Nok imekuwa jina la kila kitabu cha historia ya sanaa, ilhali Luzira hata wakazi wengi wa Kampala huijua kwa gereza tu. Kichwa chetu kilipelekwa London na kuingia British Museum mwaka 1931, na kiko huko hadi sasa. Utafiti wa akiolojia uliochapishwa mwaka 2008 unakiweka kuelekea mwisho wa milenia ya kwanza baada ya Kristo, yaani karne kadhaa kabla ya ufalme wa Buganda tunaousoma katika orodha za wafalme.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Kibuuka. Masimulizi ya Buganda yanasema alitoka visiwa vya Ssese kuja kumsaidia Kabaka Nakibinge dhidi ya Wanyoro, akapigana akiwa juu ya wingu hadi alipochomwa mshale na kuanguka juu ya mti huko Mbaale, Mawokota. Akawa lubaale, yaani mungu, wa vita. Hekalu lake Mbaale lilitunza mfupa wake wa taya, kitovu na viungo vyake vya siri. Vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888 viliteketeza mahekalu mengi, lakini masalia haya yalifichwa yakaokoka. Aliyeyapata mwishowe ni mmisionari John Roscoe wa shirika la CMS, kwa msaada wa Apolo Kaggwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda. Roscoe aliyapeleka Chuo Kikuu cha Cambridge, akaandika habari zake mwaka 1907, na mwaka 1911 akachapisha kitabu kikubwa juu ya Waganda.

Kaggwa asihukumiwe kwa haraka. Mwaka 1901 alikuwa amechapisha historia ya wafalme wa Buganda, na mwaka 1905 kitabu cha mila. Alikuwa Mkristo aliyeamini kwamba enzi ya malubaale imepita, na papo hapo mtu aliyeshika kalamu ili isisahaulike. Ila kuandika juu ya kitu ni jambo moja, na kukitoa nje ya nchi ni jambo jingine, na hili la pili lilikuwa kosa.

Sheria nayo ilifanya kazi yake. Amri ya uchawi ya mwaka 1912 iliufanya uchawi kuwa kosa la kushtakiwa. Sheria ya mwaka 1957, inayotumika hadi leo, inasema ibada ya kweli ya mizimu na uuzaji wa dawa za asili si uchawi. Mwenye pembe nyumbani, hata hivyo, amejifunza kuificha.

Kisenyi cha miaka ya 1950 kilikuwa katika Kibuga, mji uliokuwa chini ya serikali ya Kabaka, nje ya mipaka ya manispaa ya Wazungu. Wanaanthropolojia Aidan Southall na Peter Gutkind walikichagua kwa utafiti wao kwa sababu kilijaa wageni wa kila kabila waliofuata kazi mjini. Serikali hiyo ilipoteza mkuu wake mwaka 1953, gavana wa Kiingereza alipompeleka Kabaka Muteesa wa Pili uhamishoni Uingereza. Mapema mwaka 1955 kijana aliyeitwa Kigaanira alipanda kilima cha Mutundwe, akatangaza kwamba Kibuuka anasema kwa kinywa chake na kwamba Kabaka atarudi. Watu walimiminika. Polisi walipokwenda kumkamata, askari mmoja aliuawa. Oktoba mwaka huo Kabaka alirejea. Taya la Kibuuka lilikuwa bado Cambridge, na sauti yake ilisikika kandokando ya Kampala.

Masalia hayo yalirudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Hayakurudi Mbaale. Yalipelekwa kwenye makumbusho, ambayo yalikuwa yameshahama Old Kampala kwenda Makerere, na kutoka hapo, mwaka 1954, hadi kilima cha Kitante yalipo sasa. Juni 2024 Cambridge ilileta vitu vingine 39, vikiwemo vyungu na vazi la kichwa lililotengenezwa kwa nywele za binadamu, vingi vikiwa vimekusanywa na Roscoe. Walioshughulikia safari hiyo, huku na kule, wanastahili shukrani. Lakini vimeletwa kwa mkopo wa miaka mitatu. Mtoto wa nyumba amerudi kwao akiwa mgeni, na mwaka 2027 mkataba unafika mwisho. Cambridge inapaswa kuvikabidhi moja kwa moja, na British Museum ianze mazungumzo juu ya kichwa cha Luzira.

Bondeni, kazi haijakoma. Katika soko la Owino, jirani na Kisenyi, wapo wauzaji wa mitishamba, mumbwa (dawa za mitishamba zilizokandwa na udongo), kauri, mikeka ya lubugo na viko vya wale wanaopandwa na mizimu. Wateja ni Waislamu, Wakatoliki, walokole na wasio na dini. Wakati huo huo wapo wahubiri wanaokusanya pembe na vikapu vya mababu na kuvichoma mbele ya umati, na kila moto wa namna hiyo unamaliza kile ambacho Roscoe alikisaza. Basi, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna pembe, kigoda au furushi la lubugo aliloacha bibi, na huwezi tena kuishi nacho kwa sababu ya imani yako, usikitie moto. Kipeleke kwa wazee wa ukoo wenu, au Kitante, na uandikishe jina la aliyekuwa nacho na kazi kiliyofanya.