Kinjikitile Ngwale: Mganga wa Ngarambe Aliyetangulia Kitanzini

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea akaomba radhi kwa madhila waliyotendewa mababu zetu katika Vita vya Maji Maji, jina lililotamkwa kuliko yote lilikuwa la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Na haki yake ilikuwa hiyo. Lakini mwenye kutaka kujua asili ya vita vile hana budi kwenda Ngarambe, kusini ya mto Rufiji, alikokaa mganga Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimwita mchawi.

Khabari zake aghalabu tunazo kwa hisani ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye katika miaka ya 1960 aliwaendea wazee wa Umatumbi akaandika waliyoyasema. Wasimulia wazee hao kwamba mnamo mwaka 1904 Kinjikitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akatambaa kifudifudi, mikono ameinyosha mbele, mpaka akatumbukia katika kina cha maji. Jamaa zake walipojaribu kumvuta alilia kwa maumivu, basi wakamwacha, wakalala ukingoni wakingoja. Kesho yake, yapata saa tatu asubuhi, aliibuka na nguo zake kavu, akaanza kuhubiri kwamba waliokufa wako pamoja na walio hai, na kwamba dawa yake ya maji itazigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji.

Watu walimiminika Ngarambe, kabila kwa kabila, kwa kuwa dhuluma ilikuwa imewafika shingoni: kodi, viboko vya maakida, na shamba la pamba la jumbe walilolimishwa kwa shuruti, kwa ujira duni hata wengine wakaukataa. Hapo ndipo ilipozuka khitilafu ambayo Gwassa aitilia mkazo, nami naafikiana naye. Kinjikitile aliwaamuru wangoje mpaka atakapotoa idhini, naye alikawia. Wamatumbi, waliochoka kungoja, wakafanya shauri kwamba Mjerumani akichokozwa vita vitakuja vyenyewe. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wakaenda shambani wakang'oa mashina machache ya pamba, na kwa mashina hayo wakatangaza vita ambavyo mganga mwenyewe alikuwa hajavitangaza.

Yeye ndiye aliyetangulia kulipa. Alikamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa Mohoro pamoja na msaidizi wake. Na yasemekana alinena kabla ya kufa kwamba kumuua hakufai kitu, maana dawa imekwisha fika Kilosa na Mahenge. Vita vilienea hata Ungoni, na vilipokoma mwaka 1907, walioangamia kwa risasi na zaidi kwa njaa walikadiriwa na Wajerumani kuwa 75,000, na Gwassa akakadiria maradufu na zaidi.

Baada ya uhuru Ebrahim Hussein alimtungia tamthilia, iliyochapishwa mwaka 1969, na wengi wetu twamjua kwa hiyo tu. Tangu hapo hadhi yake imefifia, na wako wasomi wanaoyacheka maji yake, wakisahau kwamba watu wa makabila mengi waliyanywa wakasimama safu moja mbele ya bunduki, jambo ambalo hakuna jumbe wala sultani wa zama zile aliyeliweza. Walimu wetu na wawafundishe watoto Songea na Ngarambe kwa pamoja, na tarehe 4 Agosti itajwe madarasani kwa heshima ileile ipewayo tarehe 27 Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji huko Songea.