Kiboko, Grogan na Sisi Tuliotazama

Mtaani, mtu akijua mpira sana tunasema yeye ni kiboko. Gari likivunjika kioo cha pembeni, tunaambiana: nenda Grogan, utapata. Nimetumia maneno haya mawili miaka yote bila kujua kwamba yalishawahi kukutana, hapa hapa Nairobi.

Kiboko kwanza ni mnyama. Ngozi yake ni nene, mgongoni inafika hata sentimita 5. Zamani ilikatwa ikiwa mbichi, vipande virefu, vikavutwa na kuanikwa mpaka vikauke. Kisha vilikwanguliwa, vikabaki vinene upande wa mkono na vyembamba kwenye ncha, halafu vikapakwa mafuta visipasuke. Unapata kitu kigumu kama fimbo lakini kinachopinda. Walowezi walikipenda mpaka hata jina hawakulitafsiri. Kwenye vitabu vyao vya Kiingereza waliandika tu kiboko.

Tarehe 14 Machi 1907, Ewart Grogan, kiongozi wa chama cha walowezi, aliwaleta Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi. Walikuwa wavuta rikisho, wakidaiwa kuwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Mahakama ilikuwa pale pale, ila hakuwapeleka ndani. Walichapwa kiboko hapo nje, umati wa Wazungu ukitazama. Hakimu alijaribu kuwazuia, wakampuuza. Baadaye Grogan na wenzake walishtakiwa, lakini kwa mkusanyiko haramu. Yeye alipewa kifungo cha mwezi mmoja.

Kisha akapewa barabara. Siku hizi inaitwa Kirinyaga, lakini ukitafuta spea bado utaambiwa Grogan. Wale watatu hakuna anayewataja.

Ningeishia hapo, niwalaumu walowezi, nilale. Lakini Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na mimi nilianza darasa la kwanza baada ya hapo. Nilichapwa. Haikuwa ngozi tena, ilikuwa kipande cha bomba la maji, na bado tulikiita kiboko. Nilikuwa nimechelewa. Mwalimu angeweza kunichapa ofisini, lakini alinitoa mbele ya paredi, shule nzima ikiangalia. Maumivu yaliisha kabla ya lanchi. Kicheko ndicho ninachokikumbuka mpaka leo.

Na wiki iliyofuata, zamu ya mwingine ilipofika, mimi pia nilicheka.

Ndiyo maana nikisoma habari ya 1907, siangalii mkono wa Grogan peke yake. Naangalia umati. Ngozi iliisha, ikaja mpira, ikaja miti ya mpera, na kila mara kulikuwa na watu wamesimama wakitazama. Bila wao, kiboko ni kipande cha ngozi tu.

Mchezaji mzuri nitaendelea kumwita kiboko, ulimi umeshazoea. Ila nikisikia mtu anachapwa na watu wanacheka, najua nimeshawahi kusimama wapi.