Agnosia
Agnosia (Kigiriki: “kutojua”) ni istilahi ya teolojia na ya tiba. Katika maandishi ya Kikristo yanayobeba jina la Dionisio Mwareopago, yaliyoandikwa yapata mwaka 500, ni kuacha kila jina na wazo ili kuungana na Mungu apitaye ufahamu. Si ujinga hata kidogo. Sigmund Freud aliliingiza neno hili katika tiba mwaka 1891. Hapa, katika agnosia ya kuona, macho ya mgonjwa ni mazima, ila ubongo umeathirika, mara nyingi kwa kiharusi au jeraha la kichwa. Akionyeshwa funguo huduwaa. Akizishika au kusikia zikilia, huzitaja papo hapo. Wapo wanaoshindwa kutambua nyuso tu, hata za wenzi wao: hiyo ni prosopagnosia.