Jimbo, Majimbo na Makanisa ya Kikatoliki katika Njia ya Nakuru

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu hupita Naivasha, Gilgil na Lanet kabla ya kuingia Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Mwenye kutafuta makanisa ya kale huko mara nyingi huelekezwa pwani. Ni kweli kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, na kwamba kanisa la Mtakatifu Yosefu, Unguja, lilijengwa katika miaka ya 1890. Lakini umri wa mawe si kipimo pekee cha historia. Jina nalo ni ushahidi, na makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka huo huo mapadre hao wakaanzisha misheni ya St. Austin's. Mwaka uliofuata reli ilikuwa imefika Nakuru. Maneno yalipanda bara pamoja na watu: kanisa na askofu, yenye asili ya Kiarabu, padre, lenye asili ya Kireno. Hivyo jengo jipya la bara lilipewa jina lililokwisha kukomaa pwani.

Tazama mifano miwili. Kanisa la Familia Takatifu, Nairobi, lililosanifiwa na Dorothy Hughes na kukamilika mwaka 1963, lilipandishwa hadhi kuwa basilika mwaka 1982: jengo ni lile lile, ila neno limeongeza daraja yake. Kinyume chake, kikanisa kilicho kwenye mteremko wa Mai Mahiu ni kidogo mno, nacho kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara. Wengi hukiita tu kanisa la Waitalia. Jina hilo limehifadhi habari za wajenzi, ambao kwa kawaida husahauliwa.

Nakuru yenyewe ilifanywa jimbo la Kikatoliki mwaka 1968, na kanisa kuu lake ni la Kristo Mfalme. Hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu. Waanglikana husema dayosisi. Wakatoliki husema jimbo. Neno hilo hilo, kwa wingi wake, lilitumika kuitambulisha katiba ya majimbo ya mwaka 1963. Mapigano ya kikabila yalipozuka katika Bonde la Ufa kuanzia mwaka 1991, baadhi ya wanasiasa walililia majimbo kwa maana ya kuwatenga waliohesabiwa kuwa wageni. Wakati huo Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, askofu wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996, aliyakemea mapigano hayo hadharani. Basi jimbo la askofu lilimkusanya kila muumini aliyekaa ndani ya mipaka yake, hali majimbo ya wanasiasa yalitumiwa kumwuliza mtu alikotoka babu yake.

Kamusi itakayoziorodhesha maana hizo mbili bila kueleza mgongano wake itakuwa imeacha nusu ya historia. Yafaa wanafunzi wetu watumwe Lanet na Nakuru, wawasikilize wazee na kuandika jinsi wanavyoyaita majengo haya. Ukuta uliobomoka waweza kujengwa upya; jina lililosahauliwa kabla ya kuandikwa halina fundi.