Kuuza nyota ili kupata chipukizi: hesabu ngumu Awendo na Homa Bay

KATIKA michezo ya kulipwa, klabu isiyo na fedha nyingi ina njia moja kuu ya kufaidi jasho la nyota wake kabla hajaondoka. Humtoa angali na mkataba, kisha ikapokea vijana ambao mishahara yao bado ni midogo, au fedha za kuwatafutia vijana hao.

Biashara hiyo imekomaa zaidi katika besiboli ya Marekani, ambako timu hubadilishana wachezaji ana kwa ana bila ada ya uhamisho inayofahamika katika kandanda. Mchezaji wa ligi kuu huko hutumikia miaka sita kabla ya kuwa huru kujichagulia mwajiri, na katika miaka mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini cha ligi. Kwa sababu hiyo kijana mwenye kipaji ni mali kubwa kuliko nyota aliyebakisha miezi michache.

Mfano unaotajwa sana ni wa CC Sabathia, mrushaji mpira wa Cleveland aliyetunukiwa kuwa mrushaji bora wa Ligi ya Amerika mwaka 2007. Mkataba wake ulikuwa uishe mwishoni mwa msimu wa 2008, na Cleveland haikuwa na uwezo wa kushindana na matajiri wa New York. Julai 2008 ikampeleka Milwaukee na kupokea vijana wanne. Sabathia alishinda mechi 11 na kupoteza mbili tu, akaiingiza Milwaukee katika mchujo kwa mara ya kwanza tangu 1982. Desemba hiyo hiyo alijiunga na Yankees kwa mkataba wa miaka saba wa dola 161 milioni, na Milwaukee ikabaki bila nyota na bila vijana wake.

Cleveland nayo haikupata ilichokitarajia. Matt LaPorta, aliyedhaniwa kuwa lulu ya mabadilishano hayo, hakutamba. Aliyefaulu ni Michael Brantley, kijana ambaye jina lake liliongezwa mwishoni kukamilisha idadi. Baadaye aliteuliwa mara tatu katika kikosi cha nyota wa ligi akiwa na Cleveland. Anayenunua vijana hununua matarajio, na ndiyo maana huchukua wanne badala ya mmoja.

Katika kandanda msukumo ni ule ule. Tangu hukumu ya kesi ya Bosman mwaka 1995, mchezaji wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha huondoka bila klabu yake kulipwa, na kanuni za Fifa humruhusu kutia saini kwingine miezi sita kabla ya kumaliza. Celtic ya Uskochi ilimsajili Mkenya Victor Wanyama mwaka 2011 kwa miaka minne na kumuuza kwa Southampton mwaka 2013 kwa takriban pauni 12.5 milioni. Ilikuwa imebaki miaka miwili. Kama angekaa hadi mwisho, Celtic isingepata hata peni.

Ukiishusha hesabu hiyo hadi Awendo, katika Kaunti ya Migori, inagonga mwamba mapema. Klabu ya Sony Sugar ilikuwa ya kiwanda cha sukari cha South Nyanza, na maisha yake yalifungamana na miwa. Mwaka 2006 wanasukari hao walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, baada ya Ulinzi Stars kuushikilia kwa misimu mitatu mfululizo. Hawakuutwaa tena. Kiwanda kikazidi kulemewa na madeni, na kilio cha wakulima wasiolipwa kikawa cha kila mwaka.

Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa iliondoa udhamini wake katika michezo nchini kufuatia mvutano na serikali kuhusu kodi. Novemba mwaka huo Sony iliondolewa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani kwa mechi tatu, na matokeo yake ya msimu yakafutwa. Klabu iliyokuwa imevaa taji la taifa ilitoweka katika ligi kuu bila mnada wa mchezaji hata mmoja kuweza kuiokoa.

Hapo ndipo tofauti na Cleveland inapoonekana. Ili klabu iuze mchezaji, sharti kwanza iweze kumlipa. Tangu 2018 kanuni za Fifa zinasema kwamba mwanasoka asiyelipwa mishahara ya miezi miwili, baada ya kuipa klabu ilani ya maandishi ya siku 15 ili ilipe deni, ana haki ya kuvunja mkataba na kwenda zake. Kanuni hiyo ni ya haki, kwani mchezaji hali ahadi. Hata hivyo, matokeo yake ni kuwa klabu maskini humpoteza nyota kupitia deni, si mauzo. Mshahara uliocheleweshwa Septemba huwa ndiyo ada ya uhamisho iliyopotea Desemba.

Zipo njia za kupunguza hasara. Klabu inayomwachilia kijana kwa bei ya chini inaweza kudai asilimia ya mauzo yake yajayo, au impokee kwa mkopo mchezaji wa akiba wa klabu kubwa ambaye mshahara wake unalipwa na mwenyewe. Yote hayo huandikwa siku ya kutia saini. Baadaye hayana nguvu.

Ya Homa Bay ni magumu zaidi, kwa kuwa huko shule ndizo chuo cha soka. Viwanja si tatizo lile la zamani: uwanja wa Raila Odinga mjini humo uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka Juni 1, 2025. Tatizo ni karatasi. Fifa hukata asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa na kuzigawia klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 nusu ya asilimia. Mchezaji akiuzwa ng'ambo kwa Sh100 milioni, klabu iliyokaa naye misimu miwili akiwa na miaka 16 na 17 hupata Sh1 milioni, fedha za kutosha kuwanunulia vijana wengi viatu na nauli.

Mgao huo hautolewi mchezaji anapotoka klabu ya Homa Bay kwenda ya Nairobi, kwani huo ni uhamisho wa ndani. Tena hulipwa klabu zilizosajiliwa na shirikisho. Shule si klabu. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya Fifa jijini Paris, inayosoma pasipoti ya mchezaji iliyomo katika kompyuta: jina la klabu, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Kwa kijana aliyechezea shule ya Oyugis au Rongo pekee hadi akafika miaka 18, sehemu hiyo huwa tupu mpaka siku anaposajiliwa na klabu yake ya kwanza, ambayo aghalabu huwa ya Nairobi.